Kidonge Kinacholeta Njaa

Mkienda kumtembelea mgonjwa nyumbani kwake, msiende saa sita mchana. Nawaambia hili kabla ya jambo lingine lolote, wanangu mnaoanza kazi ya uuguzi, kwa sababu najua mtakavyofanya. Mtamaliza foleni ya asubuhi pale kliniki, mtapanda bodaboda, mtafika kijijini jua likiwa utosini, na mtapokewa vizuri sana. Yataletwa maji ya kunawa. Utaletwa ugali wa moto, majani ya maboga, labda na yai la kukaanga kwa heshima ya mgeni. Mtakula, maana mmelelewa vizuri, na huku kwetu mgeni anayekataa chakula amemtukana mwenye nyumba. Kisha mtaondoka mkiambiana njiani kwamba familia ile haina shida ya chakula.

Unga mliokula ulikuwa wa jioni, na pengine wa kesho yake pia.

Aliyenifundisha hilo ni Mama Beata, muuguzi aliyenitangulia kwa miaka mingi kwenye kliniki ya afya ya akili pale Makambako. Alikuwa Mkatoliki wa kutoka vijiji vya misheni, mfupi, mwenye sauti ya kuongoza sala. Mimi ni Mlutheri wa kijiji cha Yakobi niliyekulia kwenye kwaya. Tulitaniana tangu siku ya kwanza.

"Ninyi Walutheri mnaimba vizuri," alikuwa akiniambia, "lakini mkikaribishwa ugali hamna breki."

"Na ninyi je, mama?"

"Sisi tunafunga Kwaresima. Tumbo letu limesoma."

Nami nilimjibu kwamba Kwaresima yenyewe huangukia miezi ya njaa, kwa hiyo huku kwetu hata asiyefunga anafunga. Alicheka mpaka akashika meza. Baadaye niligundua kwamba ule utani ulikuwa na jambo ndani yake ambalo sote wawili hatukuwa tumelitazama vizuri.

Kliniki yetu ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido. Watu hawakupenda kuonekana wakigonga mlango ule. Wapo wanaume wazima, wenye ndevu, waliokaa kwenye benchi la wajawazito wakijifanya wanasindikiza mtu, mpaka korido ibaki tupu ndipo waje kwetu mbio. Mwezi wa sita upepo wa Makambako uliingia chini ya mlango kama umeitwa. Tuliweka jiko dogo la mkaa pembeni, kinyume cha taratibu zote, na juu yake birika la chai ambalo halikupoa. Mgonjwa akiingia anatetemeka, kabla hujamuuliza chochote unampa kikombe. Ninyi siku hizi mna kompyuta mezani, mna simu za kumkumbusha mgonjwa tarehe yake, mna dawa ambazo hazikazi shingo ya mtu kama zile sindano zetu za zamani. Nafurahi kwa ajili yenu, kweli kabisa. Ila lile birika nalikumbuka. Watu wengi walianza kusema ya moyoni wakiwa wamekishikilia kikombe kwa mikono miwili, wanakitazama chenyewe badala ya kunitazama mimi.

Sasa niwaeleze polepole jambo lenyewe.

Huku kwetu mahindi yanavunwa kuanzia mwezi wa sita hivi, na mpaka wa nane kihenge kimejaa. Kuanzia hapo mtu analala usingizi. Ikifika Krismasi, mama wa nyumba anaanza kuchungulia ndani ya kihenge kila anapochota, na hapo ndipo njaa inapoanza, ingawa chakula bado kipo. Inaanza kichwani. Anapika ugali wa leo huku anapiga hesabu ya mwezi wa tatu. Usiku hapati usingizi. Asubuhi anamfokea mtoto bila sababu, halafu anajichukia kwa kumfokea. Ikifika miezi ya palizi, mvua inanyesha, kazi ya shamba ni nzito kuliko wakati wowote, na chakula ndicho kimekwisha. Na miezi hiyohiyo ndiyo mianzi inatoa ulanzi. Mwanaume ambaye kwake hakuna kilichopikwa hapendi kurudi nyumbani mapema kutazamana na watoto. Anakaa kilabuni, ulanzi ni mtamu na unajaza tumbo. Tunamwita mlevi.

Miezi ile benchi letu lilijaa kila mwaka. Watu waliokuwa wazima tangu mwezi wa saba walirudi wakiwa hawalali, wanaongea peke yao, wengine wamefungwa kamba na ndugu zao. Sote tuliliona hilo. Tulisema ni mvua, tukasema ni ulanzi. Ndugu wa wagonjwa walisema ni majirani wabaya. Daktari wetu, kijana mwema aliyekuja mara moja kwa mwezi kutoka Njombe mjini, aliwaongezea dawa, na ilipofika mwezi wa sita wakawa wazima tena, akafurahi, nasi tukafurahi naye.

Aliyetufungua macho ni mgonjwa. Nitamwita Mama Vumi. Jina lake si hilo.

Mama Vumi aliishi kijiji kimoja upande wa Wanging'ombe, huko chini ambako mvua hazitabiriki kama za kwetu juu. Mumewe alikuwa amefariki. Alibaki na watoto watatu, mkubwa akiwa Vumilia, msichana wa shule ya msingi, na mama mkwe wake, Bibi Tabitha, mama mmoja mkavu, mrefu, mwenye ulimi. Ugonjwa wa Mama Vumi ulikuwa wa kusikia sauti. Akimeza dawa alikuwa mtu kamili, mkulima hodari, mcheshi. Lakini kila mwaka, mwezi wa pili au wa tatu, ugonjwa ulirudi. Mara ya mwisho aliondoka nyumbani kwenye mvua, akatembea kandokando ya barabara kuu akigombana na watu wasioonekana, na mtoto wake mdogo akamfuata nyuma akilia, malori yanapita. Dereva mmoja ndiye aliyewachukua wote wawili akawaleta kwetu.

Baada ya hapo ukoo ulikaa. Wakaamua kwamba ikitokea tena, kaka wa marehemu, mvuvi wa Lupingu huko ziwani, atakuja kuchukua watoto wote watatu akawalee yeye. Mama Vumi arudi kwao alikozaliwa. Hawakuwa watu wakatili. Waliogopa malori.

Kwa hiyo mwaka uliofuata, palizi ilipoanza, nilitumwa kumtembelea. Nilienda asubuhi, kama nilivyofundishwa. Nilimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda, macho mekundu ya mtu ambaye usingizi umeanza kumkimbia.

Hapa niwape kitu kingine cha Mama Beata. Yeye hakumuuliza mgonjwa, "Dawa unameza?" Alisema swali hilo lina jibu moja tu duniani, na ukilijua jibu hakuna haja ya kuuliza. Alituagiza tuulize chungu.

"Jana mlipika nini, mama?" nikamuuliza.

"Kande."

"Nani alipakuliwa kwanza?"

"Watoto."

"Halafu?"

"Bibi."

"Halafu wewe."

Akasogeza kuni. Moshi ukatupata sote wawili, tukafuta macho. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kama anayesema siri ya mtu mwingine:

"Nesi, kile kidonge kina njaa yake."

"Njaa ipi?"

"Nikimeza, nalala. Zile kelele zinapungua, siwezi kudanganya. Lakini nikiamka nina njaa kama nimelima shamba zima peke yangu. Si njaa hii yetu ya kuvumilia. Mwezi wa saba haina shida, nakula. Lakini mwaka ule wa kwanza, kihenge kikiwa kimeisha, niliamka nikala kande la watoto. Lote. Limepoa, kwa mkono, nimesimama hapo ulipo wewe. Kugeuka, Vumi yuko mlangoni ananiangalia." Akaingiza ukuni mwingine. "Tangu hapo, nikiona kihenge kinaisha naacha kumeza. Mpaka mahindi mabichi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka."

"Na ukiumwa?"

"Nikiumwa sijui kama naumwa. Njaa ya watoto naijua."

Nilirudi Makambako. Mwanamke yule aliacha dawa ili watoto wapate kula, na kwa kuacha dawa ndipo angewapoteza watoto. Na shamba lake, kwa kuwa aliugua kila palizi, liliota majani kila mwaka, mavuno yakawa haba, kihenge kikaisha mapema zaidi. Ukilitazama jambo hilo kwa karibu unaweza kuona linavyojizungusha.

Daktari alipokuja nilimsimulia. Aliniambia nirudie. Kisha akavua miwani.

"Kwa hiyo nilipomwongezea dawa, nilimwongezea njaa," akasema.

"Hakuna aliyejua, daktari," Mama Beata akamwambia. "Mimi nimekaa hapa tangu wewe unavaa kaptula, na sikujua."

Siku ile alifanya kazi nzuri. Aliwaita wagonjwa wote mmoja mmoja akawauliza habari ya njaa, nao walishangaa kwamba mtu anaruhusiwa kusema. Alimpunguzia Mama Vumi kipimo, akamwelekeza ameze jioni baada ya chakula, akaahidi kumtafutia aina nyingine isiyochokoza tumbo sana. "Lakini baada ya chakula kipi," akasema, "hilo sina pa kuliandika."

Basi tukafanya kama wanavyofanya watu wenye huruma. Tulichanga. Kila mfanyakazi alitoa kidogo, tukapata ndoo mbili, ya unga na ya maharage, na mimi na Mama Beata tukazipeleka.

Najua baadhi yenu mmekulia mjini, kwa hiyo niwaeleze tulichokosea. Tulishukia barabarani, tukajitwika ndoo, tukazifunika kwa khanga ili vumbi lisiingie, tukaongozana kimya kwenye kijia kwa sababu kilima kilikuwa kikali na hatukuwa na pumzi ya kuongea. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia alituona. Wanawake wageni, wamefuatana, kimya, ndoo za unga zimefunikwa khanga, wanaelekea kwa Tabitha ambako kuna mgonjwa. Huku kwetu picha hiyo ina maana moja tu, msiba. Akatupa jembe.

Tulipotua ndoo uani, tayari kuna wanawake wanne wamejifunga khanga viunoni. Mmoja ameanza kulia, kilio cha juu, cha mtu anayekijua. Wanaume wawili wanauliza kuni za moto wa nje zikae wapi.

"Ni nani? Jamani, ni yupi?"

Hapo Bibi Tabitha akatoka ndani, mzima kabisa, ana ungo mkononi. Yule mliaji alipomwona akapiga ukelele mkubwa kuliko wa mwanzo, kwa sababu alikuwa ameshaamua kwamba marehemu ni yeye.

"Nyamaza wewe!" Bibi akamwambia. "Unanililia mimi nikiwa nimesimama?"

Mama Beata akajaribu kueleza. "Dada, tumeleta kidogo tu, kwa ajili ya watoto."

"Watoto wangu wamekuja kwako kuomba?"

"Hapana, dada."

"Basi beba unga wako. Mmeniletea msiba nyumbani kwangu. Kesho kijiji kizima kitasema kwa Tabitha wanalishwa na hospitali."

Yule mliaji, macho makavu sasa, akauliza, "Kwa hiyo mimi nimeacha palizi yangu bure? Hata uji hakuna?"

Tukajitwika ndoo zetu tukashuka kilima. Njiani Mama Beata alicheka mpaka ikabidi atue ndoo. Alipomaliza kucheka alikaa juu ya jiwe kwa muda. "Yule bibi anaona afadhali aonekane ana mkwe kichaa," akasema, "kuliko aonekane ana njaa."

Miaka mingi baadaye nilipelekwa kwenye semina Iringa, tukakutana na wauguzi wa nchi mbalimbali. Nilisimulia habari ya ndoo nikijua nitawachekesha. Walicheka kweli, halafu kila mmoja akatoa ya kwake. Dada mmoja wa Ethiopia alisema kwao pia wagonjwa huficha vidonge miezi ya njaa, na sababu ni ileile. Mmoja wa India alisema kwao mkwe wa kike hula wa mwisho, na akianza kuugua hasemi amekosa chakula, anasema mgongo unauma, kichwa kinauma. Wa mwisho alikuwa mmoja wa Ulaya. Akasema kwao maduka yamejaa, lakini wapo akina mama wanaowaambia watoto wao, "Mimi nimekula kazini," na anawapata kliniki kwake wakiomba dawa za usingizi. Tulikuwa tunakula chakula cha mchana wakati tunaongea hayo. Nakumbuka hakuna aliyebakiza kitu kwenye sahani.

Sisemi kwamba kila ugonjwa wa akili unatokana na njaa. Nimewauguza watu walioshiba sana. Nasema tu kwamba mkisahau kuuliza habari ya chungu, mtatibu nusu ya mtu.

Turudi kwa Bibi Tabitha. Siku chache baada ya ule msiba wetu wa uongo, siku ya gulio, mlango wa chumba chetu ulifunguliwa bila kugongwa. Alikuwa yeye. Hakukaa kwanza kwenye benchi la wajawazito. Akaingia, akakaa, akapokea chai.

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," akasema. "Mkwe wangu ameniambia mwenyewe. Nilidhani ni mkaidi. Sasa nielezeni, kile kidonge kinamfanyaje mtu?"

Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Kwamba kinatuliza kichwa, kinaleta usingizi, na kwa watu wengi kinaamsha njaa kali. Kwamba njaa ile si ulafi wala si tabia yake, ni mwili unavyoitika. Kwamba akila anaweza kuendelea kumeza, na akiendelea kumeza atakuwa mzima.

"Analala usingizi mzito?"

"Ndiyo, bibi."

"Anaamka na njaa ambayo hawezi kuingoja?"

"Ndiyo."

"Na asipolishwa, kichwa kinaharibika na watoto wanapata shida?"

"Ndivyo."

Akanywa chai. "Basi huyo ni mzazi."

"Bibi, hana mimba," nikasema.

"Nani ametaja mimba? Nasema ni mzazi. Mwanamke akijifungua kwetu, hagawani chungu na watoto. Ana chungu chake. Anakula kwanza, na mtoto akikisogelea anafukuzwa. Shamba lake linapaliliwa na wenzake. Jirani akimletea ulezi wa uji hakuna anayelia msiba. Umewahi kuona mtu anaona aibu kuletewa ulezi wa mzazi?"

Mama Beata alikuwa anamimina chai, akasahau, ikajaa ikamwagika mezani.

"Na majirani utawaambiaje, dada?"

"Nitawaambia nyumba yangu ina mzazi."

"Wakiuliza mtoto yuko wapi?"

"Waje wamtafute."

Na ndivyo alivyofanya. Wa kwanza kuleta ulezi alikuwa yule mliaji. Alisimama mlangoni akamkabidhi Bibi kifurushi, akasema, "Haya, hongera ya mzazi, maana na msiba wenu nilihudhuria." Wengine wakafuata, na karanga, na viazi mviringo, mmoja na kuku. Wakamaliza na palizi ya shamba lake. Wale wanawake walikuwa wanajua siku zote kwamba nyumba ile ina njaa. Walikuwa nayo na wao. Walikuwa hawajapata namna ya kuingia mlangoni. Chungu kidogo kikawekwa pembeni, na mlinzi wake akawa Vumi. Aliwafukuza wadogo zake kwa mwiko, akamkalia mama yake mpaka amalize, kisha akamletea kidonge na maji.

Msije mkadhani mambo yalinyooka siku hiyohiyo. Dawa inachukua muda kurudi mwilini. Kuna wiki moja mbaya sana, sauti zilirudi, Mama Vumi akawa anatembea uani usiku. Na habari ilikuwa imeshafika Lupingu. Mtu wa ukoo alikuwa ameituma mapema, kwa nia njema, akasema hali imeanza tena.

Shemeji yake, yule mvuvi, alipitia kliniki kwetu. Alikuwa ameshuka kwenye gari kutoka Njombe, mtu mkubwa, mpole, na kiroba cha dagaa begani kilichonukisha korido yote. Mkononi alikuwa na mfuko wa viatu vipya vya plastiki, jozi tatu za watoto.

"Wewe ndiye nesi wa shemeji yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nimewaandalia chumba," akasema. "Mke wangu amekubali. Shule iko karibu. Sitaki ugomvi na mtu, lakini nikisikia mtoto wa kaka yangu amegongwa na lori, nitajibu nini?" Akanitazama. "Niambie kweli. Amepona?"

Wanangu, mtaulizwa swali hili na watu waliosafiri mbali. Mtatamani kusema ndiyo. Nilimwona Mama Beata ameinamisha kichwa, najua alikuwa anasali.

"Siwezi kukuambia amepona," nikamjibu. "Ni ugonjwa wa kuishi nao. Lakini usiende kuchukua watoto leo. Nenda ukakae kwao siku kadhaa. Ule anachopika. Uone nani anakula kwanza, na uwaulize kwa nini. Kisha uamue wewe."

"Nikale?"

"Ukale. Na hicho kiroba kipeleke kwa mzazi."

"Mzazi gani?"

"Bibi atakueleza."

Akaenda. Siku zikapita bila habari. Mtandao wa simu kule chini ulikuwa wa kupanda kilimani, na hakuna aliyepanda. Kazini nilimwaga dawa, nikamwita mgonjwa kwa jina la mwenzake. Jumapili baada ya ibada sikwenda kula nyumbani. Nilichukua bodaboda, tukateremka kuelekea Wanging'ombe. Ilikuwa saa tisa hivi, mvua imekatika, barabara inateleza.

Pale njia inapokunja, nyumba yao inaonekana kwa mbali ng'ambo ya bonde. Nilimwambia dereva asimame. Niliogopa kufika.

"Mama, tumesimamia nini?"

"Subiri."

"Unaangalia nguo za watu?"

Kwenye kamba uani zilikuwa zimeanikwa nguo. Kaptula mbili ndogo. Shati jeupe. Soksi. Na juu ya ukuta wa choo, jozi tatu za viatu vimeoshwa tope, vimeinamishwa vikauke.

Tuliposhuka hadi uani, shemeji alikuwa ameshaondoka siku mbili nyuma kurudi ziwani, peke yake. Bibi Tabitha alikuwa amelala kidogo ndani. Mama Vumi alikuwa ameinama juu ya beseni, mikono imejaa povu, anakamua sketi ya shule ya Vumi. Aliniona, akatikisa kichwa kunisalimia, lakini hakuiacha. Akaikung'uta, akaianika, akaibana kwa vibanio pembe zote, akarudi nyuma akaitazama kama imenyooka. Ndipo akajifuta mikono akanijia.

"Kamwene, nesi."

"Kamwene, mama. Hata Jumapili hupumziki?"

"Nitapumzikaje," akasema. "Kesho wana shule."